Hoteli zinawafukuza vijana, kisha zinalia

Mhariri,

Nimeisoma ile taarifa yenu ya wenye hoteli kulalamika kwamba vijana wa Malindi hawatulii kazini, ukishamfundisha mtu anakwenda zake Zanzibar au Dubai. Tangu nistaafu upishi nimenyamaza, lakini hili limenikaa kooni.

Mpwa wangu alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni hapa. Kiitaliano kinamtoka kama maji, na wageni wanaokuja kila Desemba hata mizigo hawajashusha, washamuulizia. Miaka yote hiyo jina lake lilikaa kwenye daftari la vibarua. Masika ikiingia anaambiwa "tutakuita". Julai anaitwa, anaanza upya kana kwamba jana ndiyo kwanza ameonekana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, huyo si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Siku alipoomba barua ya kuthibitisha kazi apate mkopo wa sacco, meneja akamwambia mbele ya watu kwamba hoteli haina mfanyakazi wa jina hilo. Haina! Na picha yake ya Mfanyakazi Bora wa Mwezi ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kichwa cha meneja huyo huyo! (Zawadi yenyewe ilikuwa fulana na kofia ya nembo ya hoteli.) Sasa yuko Nungwi, huko huko Zanzibar, ana mkataba, na likizo analipwa. Desemba meneja akampigia simu: wageni wamekataa bili na hakuna wa kuelewana nao. Hakupokea.

Halafu kuna hawa wasichana wanaotoka zamu saa tano usiku. Tuktuk ya kwenda Maweni saa hizo bei ni mara mbili, taa za barabarani huwaka zikipenda, na gari la hoteli limeegeshwa pale pale, dereva anasinzia, eti linamngoja mgeni wa asubuhi.

Dawa ninayo. Masika ijayo, meneja naye aambiwe "tutakuita", akae nyumbani bila senti mpaka Julai. Mshahara wake wa miezi hiyo utawalipa wapishi wawili na msichana mmoja wa mapokezi, na nauli ya tuktuk itabaki.

Mpishi mstaafu,
Malindi