Watu mia wa Dodoma wangejibu nini?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni kinyozi hapa Majengo, Dodoma, na luninga ya saluni yangu ina ugomvi wa aina mbili tu: mpira na Family Feud, kile kipindi cha Kiingereza cha familia kushindana kujibu maswali. Mpira naujua. Huo mwingine ndio unaonifanya niandike.

Kipindi chenyewe ni kikongwe. Kilianza Marekani Julai 1976, mwendeshaji akiwa Richard Dawson, yule aliyezoea kumbusu kila mwanamke aliyekuja kushindana (huku kwetu mashemeji wangemsubiri nje). Kikafutwa 1985, kikafufuliwa 1988, kikafa tena katikati ya miaka ya tisini, kikarudi 1999. Tangu 2010 anakiendesha Steve Harvey, na kuanzia 2020 yeye huyohuyo akaendesha pia matoleo ya Afrika Kusini na Ghana. Kipindi kilichozikwa mara mbili na kubadilisha waendeshaji namna hiyo hakibebwi na sura ya mtu.

Kinabebwa na swali. Familia mbili, watu watano kila upande, wanaulizwa jambo ambalo watu mia walishaulizwa kabla. Hutakiwi kusema lililo sahihi, unatakiwa ujue wengi walisema nini. Kwenye Who Wants to Be a Millionaire, ule mchezo wa maswali ya kupima elimu, wateja wangu huwa kimya, maana nani anajua mfalme yupi wa Uingereza alimuoa nani? Hapa hanyamazi mtu. Mimi natafsiri Kiingereza, wao wanajibu.

Majuzi swali lilihusu kitu ambacho mume humficha mkewe. Mzee mmoja wa Bahi, kichwa nimekinyoa nusu, akasema, "Mshahara." Dereva wa bodaboda aliyekuwa kwenye benchi akabisha: "Babu, siku hizi ni simu." Mzee akageuka na kitambaa chake shingoni. "Mjukuu wangu, hiyo simu umeinunua kwa kitu gani kama si mshahara?" Ikabidi nizime mashine, nisije nikamkata. Ubao wa majibu ya wale watu mia ulipofunguka, hela ndiyo ilikuwa juu. Mzee akajinyoosha kwenye kiti kama hundi ni yake.

Jambo jingine linalonikosha ni makofi. Mtu anatoa jibu la hovyo kabisa, ndugu zake wanne wanashangilia na kumwambia amejibu vizuri, kisha ile alama nyekundu ya kukosa inatokea na mlio wake. Wakikosa mara tatu, familia ya pili inapata nafasi ya kuwapora pointi zote kwa jibu moja. Na bado hawamnuni mwenzao, angalau mbele ya kamera. Nyumbani sijui.

Sasa najiuliza wenye vituo vyetu wanakwama wapi. Tunaletewa michezo ya kutuma ujumbe mfupi, unakatwa salio, mshindi humjui. Huu wa familia hauhitaji mtambo wa ajabu. Unahitaji mtu mcheshi wa kuendesha, meza, kengele, na vijana wachache wa kwenda kuuliza watu maswali kabla.

Ombi langu ni hapo kwenye kuuliza. Wasichukue watu mia wa Sinza na Kinondoni kule Dar halafu wakatuambia hiyo ndiyo Tanzania. Waje mnadani Msalato siku ya Jumamosi, waende stendi ya Nanenane, wawaulize wanafunzi wa UDOM na kina mama wa soko la Majengo. Uliza mboga ya kila siku: mtu wa Dar atataja mchicha au matembele. Hapa mlenda usipokuwa namba moja, basi ujue hao waliouliza hawakushuka kwenye gari.

Kinyozi,
Majengo, Dodoma