Jedwali lenu la shahada zinazolipa limesahau miaka ya kusubiri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kidato cha tano na sijawahi kukuandikia hata mara moja, ila ile makala ya Jumapili kuhusu shahada zinazolipa, pamoja na jedwali lake lililoipandisha sayansi ya uvuvi hadi mahali ambapo sisi wenyewe hatujawahi kuiona, imenikaa kooni kama mwiba wa ningu.

Mwandishi wako alichukua mshahara wa kuanzia wa afisa uvuvi serikalini, akauzidisha mara 12, akaulinganisha na mkopo wa miaka mitatu ya masomo, kisha akahitimisha kwamba mhitimu hujikomboa mapema. Hesabu hiyo ingesimama kama kila anayevua joho asubuhi angeingia ofisini mchana. Ajira za serikali hutoka kwa mafungu, tena kwa kusubiriwa. Viwanda vya minofu ya sangara, vilivyokuwa tumaini letu, baadhi vimefungwa kwa kukosa samaki. Na wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani wanapotaka mtu wa kazi humchukua kijana wa stashahada kutoka chuo cha uvuvi cha Nyegezi, ambaye analipwa kidogo kuliko sisi na, kusema kweli, anajua kushona wavu kuliko sisi.

Mimi nilihitimu mwaka 2013 nikiwa na deni la shilingi 9,600,000. Miaka mitatu iliyofuata nilijitolea katika miradi ya ziwani, siku nyingine nikilipwa nauli na siku nyingine nikilipwa ahadi. Mwaka 2016 kampuni moja ya kuzalisha vifaranga vya sato ikaniajiri kwa shilingi 450,000 kwa mwezi. Wakati huo makato ya mkopo yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, yaani shilingi 36,000, na deni lenyewe lilikuwa likitozwa asilimia 6 kwa mwaka, eti lisipoteze thamani. Asilimia 6 ya deni langu ni shilingi 576,000 kwa mwaka, sawa na 48,000 kwa mwezi. Naomba hapo usome pole pole, Mhariri: nilikuwa nikilipa 36,000 kwa deni lililokuwa likiongezeka kwa 48,000. Sheria iliporekebishwa mwishoni mwa mwaka huo na makato yakapanda hadi asilimia 15, nikaanza kukatwa 67,500. Ukiondoa pia 45,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii na 26,100 za kodi ya mapato, nilibaki na 311,400, na katika ule mkato mkubwa wa mkopo, kilichopunguza deni lenyewe ni kama 19,500 tu. Mwandishi wako hakuuliza hata mhitimu mmoja mambo haya, ilhali tumejaa Mwanza nzima na hatuna shughuli nyingi za kutuzuia kujibu.

Hati ya mshahara yenye makato hayo mapya niliipokea asubuhi ambayo nilikuwa nikienda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa shati, ikalowa jasho. Pembeni ya mzani alikuwa amechutama kijana mmoja mnunuzi wa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambaye aliachia shule kidato cha pili, akiyapapasa bondo moja moja kwa kidole gumba kama mtu anayepima kitambaa, na akilipa noti kutoka kwenye mfuko wa rambo bila kuandika popote. Alinitazama nikijaza fomu yangu iliyoloa magamba, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Bwana Samaki, hivi wewe kwa kuhesabu samaki wa watu unapata ngapi kwa siku?" Nilimtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mwenzake aninunulie chai. Sijasahau ile chai mpaka leo, na ilikuwa na maziwa.

Tozo ile ya asilimia 6 ilifutwa. Rais Samia alitangaza kuifuta hapa hapa uwanjani Kirumba siku ya Mei Mosi 2021, nami nilikuwepo juani nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Lakini kufutwa kwake hakukunirudishia miaka mitatu ya kujitolea, na ndiyo miaka ambayo jedwali lenu limeiruka kana kwamba mtu huipitisha akiwa amelala.

Halafu kuna picha. Chini ya makala mmeweka picha ya mvuvi aliyenyanyua samaki mpana, mwenye mistari iliyosimama mkiani, mkaandika kwamba huyo ni sangara. Mnawezaje kuwashauri watoto wa watu wakope mamilioni kusomea samaki, wakati chumba chenu cha habari kizima hakina mtu wa kuwatofautisha wawili ambao mama ntilie yeyote wa Kirumba anawatambua akiwa amefumba macho, kwa harufu ya mchuzi?

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuchapisha jedwali jingine, mwandishi huyo afanye kazi miezi sita kwa nauli tu, akaripoti kutoka kila mwalo kati ya Igombe na Ukerewe, kisha arudishiwe mshahara wake na mhasibu wenu amkate asilimia 15 kuanzia mwezi huo huo. Akimaliza mwaka, mwambieni aongeze safu mbili kwenye jedwali lake, moja ya miezi ya kusubiri na nyingine ya kinachobaki mkononi, nami nitanunua nakala hiyo kwa bei yoyote mtakayopanga. Kuhusu picha, marekebisho yanahitaji neno moja tu, na neno lenyewe ni sato.

Wako,
Bwana Samaki,
Ilemela, Mwanza