Mwambie Deus asikanyage ziwa bado

Mama Neema shoga yangu,

Habari za hapo Kirumba Mwanza, habari za watoto, mama anaendeleaje na magoti yake? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mbele. Sisi wazima, Baba Jeni mzima, baridi ndo hiyo. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba wa kwa kina Bahati, nilipanga nikuandikie kwa nafasi mtandao ukitulia, ila usiku mdogo wako Deus kanitumia meseji na ndo maana unaona naandika saa kumi alfajiri, nimeshaongeza kuni jikoni, usingizi umekata kabisa.

Anasema anakuja huku Krismasi. Kuja ni vizuri, mi mwenyewe nimemkumbuka huyo mtoto hadi basi. Shida ni njia anayotaka kupita.

Ngoja nikueleze vizuri manake nikikumbuka hujawahi kuelewa tunakaa wapi. Ziwa linaitwa Lake of the Woods, limegawanywa kati ya Marekani na Canada, na sisi tuko kile kipande cha Minnesota kilichojitenga huko juu peke yake, wenyewe wanakiita Northwest Angle. Mwaka 1783 Waingereza na Wamarekani walipopatana mpaka walitumia ramani ambayo haikuwa sawa, mpaka ukaja kuchorwa hivyo, matokeo yake kipande hiki kimebaki Marekani ila ukitaka kufika kwa barabara lazima uingie Canada, upite Manitoba, afu uingie tena Marekani. Sisi na grinikadi zetu na pasipoti tunapita. Deus yeye ana viza ya mwanafunzi ya Marekani, na Canada kwa pasipoti ya Tanzania wanataka viza yao, hana, na hata akiomba leo Krismasi itakuwa imepita.

Kwa hiyo yeye na wenzake wa chuo wamepiga hesabu zao: waendeshe kutoka Minneapolis hadi Warroad, kama masaa sita, wafike pale ukingoni, waingie ziwani na Corolla ya huyo rafiki yake, wanyooshe juu ya barafu mpaka kisiwani kwetu. Ndani ya Marekani mwanzo mwisho, hakuna afisa wa kumuuliza kitu. Kanitumia na video ya magari yanapita juu ya ziwa, anacheka, ananiambia dada mbona watu wanapita.

Mama Neema hiyo video naijua, ni ya 2021. Mwaka ule mpaka wa Canada ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona, watu wa huku wenye hoteli za wavuvi biashara ilikuwa inakufa, ndo wakatengeneza barabara juu ya barafu kutoka upande wa Warroad. Wanaondoa theluji, wanapima unene, panapopasuka wanaweka madaraja, wanakagua kila siku. Na hiyo ilikuwa katikati ya majira ya baridi, barafu imeshashiba. Sasa hivi ni mwanzo wa Desemba! Hapa kwetu kwenye ghuba jana Baba Jeni kapima inchi saba. Ukitoka nje ya ghuba, kwenye mlango kati ya visiwa viwili ambapo maji yanatembea chini, ilikuwa inchi tatu. Hapo hapo, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Na ukiangalia kwa macho huwezi kujua, yote nyeupe, theluji imetandika juu imelingana.

Hicho ndo ninachotaka umwambie kwa sababu mimi nikimwambia ananiona muoga. Huku watu wa maliasili wana vipimo vyao wanavitangaza kila mwaka: mtu wa miguu inchi nne, pikipiki ya theluji tano hadi saba, gari dogo inchi tisa hadi kumi, pikapu kumi na tatu na kwenda mbele. Na hiyo ni barafu safi ile nyeusi inayoonyesha maji chini. Ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni nusu, kwa hiyo unahesabu mara mbili. Afu theluji ikiwahi kudondoka juu ya barafu changa inaifunika isipigwe na baridi, inachelewa kukomaa. Mwaka huu ndo ilivyotokea, theluji imewahi. Mzee mwenye nyumba hii, ambaye kakaa hapa maisha yake yote, alipotupigia simu kutoka kwa binti yake swali lake la kwanza lilikuwa theluji imeanguka lini. Hakuuliza habari za nyumba.

Na sio wasiojua barafu tu. Mwisho wa Desemba 2023, ule mwaka wa joto, kule Upper Red Lake kusini ya huku kipande cha barafu kilimeguka kikaondoka na wavuvi zaidi ya mia moja juu yake, wakaenda kuokolewa. Walitoka salama. Ila fikiria wavuvi wa barafuni wenyewe, sembuse Corolla ya vijana wa chuo ambao hawajawahi kushika mtaimbo wa kuvunjia barafu.

Najua atakujibu nini. Atakwambia dada mi mtoto wa mwaloni, nimekulia ukingoni mwa ziwa. Kweli, Deus kajua kuogelea kabla hajajua kusoma, na hicho ndo kinanitisha zaidi, anaamini akizama atatoka. Maji haya sio ya kwetu shoga. Ukidumbukia, dakika ya kwanza mwili wenyewe unavuta pumzi kwa nguvu hutaki unataka, ukiwa kichwa kiko chini ndo umekunywa. Ukiituliza hiyo pumzi una kama dakika kumi mikono na miguu bado inakusikia, baada ya hapo vidole havishiki kitu hata uwe bingwa. Wanasema saa nzima kabla hujapoteza fahamu, lakini saa nzima ya nini kama mikono imekufa na mtu wa karibu yuko maili kadhaa? Ndo maana mi na Baba Jeni hatutoki bila misumari yetu shingoni, viko viwili vina mishikio ya mbao vimefungwa kwa kamba, ukizama unachomeka kwenye barafu unajivuta, na unarudi upande uliotokea kwa sababu angalau kule ilikubeba. Ukitoka husimami, unajiviringisha mpaka mbali.

Na wewe sihitaji kukukumbusha. Mei 1996 nilikuwa nimelala kwenu, nilimuona mama alipoletewa habari za baba mkubwa. Deus alikuwa hajazaliwa, yeye ile meli ya MV Bukoba iliyozama ni yale makaburi ya Igoma tunayopita na daladala. Sisi tuliiona nyumba ile baadaye. Mama mpaka leo hapandi kivuko kwenda Sengerema, anazunguka na basi. Nani atampigia simu mama kumwambia ziwa tena, safari hii la Marekani? Mimi siwezi.

Usidhani namkataza asije kwa sababu maisha ya huku mabaya. Mi napapenda, nakwambia ukweli. Asubuhi giza mpaka saa mbili na kitu, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, mwanzoni ilinisumbua sasa nimezoea, nakunywa vitamini D na siku ya jua natoka hata kama ni hasi thelathini. Nyumba ni ya magogo, chumba na jiko, tumeirundikia theluji kuta zote mpaka chini ya madirisha ili upepo usiingie chini ya sakafu. Jiko la chuma la kuni halizimwi, gome la mti wa birch ndo kiberiti chetu, linawaka hata likiwa na unyevu. Bomba la moshi Baba Jeni analisugua mara kwa mara manake masizi yakigandana ndani yanashika moto yanaondoka na paa, na kuna kile king'ora cha hewa ya sumu ukutani, nakijaribu kila Jumapili, unakumbuka yule mpangaji wa kwa mama Sele na jiko la mkaa.

Maji tunachota ziwani. Tumetoboa tundu mbele ya nyumba, tumelifunika na ubao na theluji juu, kila asubuhi napiga mtaimbo kuvunja utando wa usiku, nachota kwa kata, naweka ndoo kwenye kijisledi, kile cha kuteleza juu ya theluji, navuta. Yakimwagikia glavu yanaganda papo hapo, mpini wa ndoo unang'ang'ania mkononi, inabidi nisubiri ndani karibu na jiko uachie. Afu tunachemsha. Nikiinama pale tunduni huwa nasikia barafu inaunguruma, mlio unaanza kisiwa cha pili unapita mbele yangu unaishia mbali huko, moyo ulikuwa unanitoka, sasa najua ni barafu inatanuka inajibana kwa baridi, mlio wenyewe sio hatari. Hatari haipigi kelele, ni ule mkondo chini ya mlango wa visiwa.

Neema aliniuliza samaki hawafi huko chini? Mwambie hapana. Maji yakiwa nyuzi nne ndo mazito kuliko yote, yanazama chini, na barafu ni nyepesi inabaki juu inafunika, kwa hiyo chini kuna maji ya kuishi msimu mzima. Tunakula walleye, nyama nyeupe imenyooka ungesema sangara mdogo, macho yake yanang'aa ukimmulika. Namkaanga na unga wa mahindi, ugali pembeni, Baba Jeni anasema hamna tofauti na nyumbani, nadhani kasahau dagaa.

Ndo chakula nilichotaka kumpikia Deus. Na naweza kumpikia Januari! Januari barafu ikikaa kuna magari ya minyororo, yale Bombardier, yanabeba abiria kutoka upande wa kusini kuvuka ziwa hadi huku bila kugusa Canada, madereva wanapima njia kila siku na wanajua kila mlango wa maji. Nauli nitalipa mimi. Chuo kinafungua lini, anaweza kuomba hata wikiendi moja ndefu? Krismasi yenyewe aje Minneapolis kwa kina Upendo, nimeshaongea nao, kuna pilau na watu wa kwetu, hatakuwa mpweke.

Basi fanya hivi, mpigie leo leo, yeye huwa anaamka saa moja ya huku ambayo kwenu ni saa kumi jioni, usimwandikie, atasoma atacheka. Mpigie. Usimpigie mbele ya mama, na mama asijue kabisa habari ya hiyo Corolla. Akikubali haraka haraka usimwamini, muulize huyo rafiki yake mwenye gari anaitwa nani na unipe namba yake niongee naye mwenyewe. Akikataa kabisa niambie niwahi kuwasiliana na watu wa Warroad wanaojua pale wanapoingilia ziwani, wawazuie.

Na wewe mwenyewe vipi? Ile kazi ya sokoni uliamua nini, ulirudi kwa yule mama au unauza peke yako? Sukari imepungua? Neema anaingia darasa la ngapi sasa, la sita? Baba Neema alirudi Geita au bado anazungushwa na yale malipo yake? Na mama magoti, mlimpeleka hospitali ya Bugando au bado anasema mpaka mvua ziishe? Simu yangu betri inakufa nikitoka nje kwa baridi, kwa hiyo nikikosekana hewani saa moja mbili usiogope, niko kwenye maji au kuni. Lakini jibu kuhusu Deus nataka kabla sijalala leo, hata kwa sauti, hata neno moja tu kwamba umempata.

Wako,
Mama Jeni