Risala ya Mawakili na Makarani wa Sheria wa Tabora Mjini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,
Viongozi wa dini na wa serikali za mitaa,
Wawakilishi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na vya akiba na mikopo (SACCOS),
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe kwa kukubali kuja kufunga mafunzo yetu ya siku mbili kuhusu namna ofisi ya uwakili inavyoweza kusimama uchumi unapoyumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pesa ikikauka mjini, ofisi zetu huonja mapema. Viwanja haviuzwi, kampuni mpya hazisajiliwi, na kodi ya pango ni ile ile. Wapo wenzetu waliofunga virago. Hata hivyo, tumekubaliana kwamba hali ikiwa ngumu shida za kisheria hazipungui, zinabadilika sura tu. Aliyekuwa anunue kiwanja mwaka huu ndiye anayeachishwa kazi, anayedaiwa na SACCOS, anayegombana na mbia wake wa duka.

Turuhusu tukueleze kisa kimoja. Mama mmoja, aliyekuwa karani katika ghala la tumbaku, alifika kwa mwenzetu na barua ya kupunguzwa kazi, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Mama yule hakuyajua haya. Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Yeye alikuja siku ya 41, ikabidi tuanze na maombi ya kuongezewa muda. Alipoulizwa kilichomchelewesha, akasema: "Nilikuwa naogopa bei ya wakili. Nimepita hapo nje mara tatu."

Mara tatu, Mheshimiwa! Jibu lile lilituuma. Kazi ilikuwa inapita mlangoni, nasi tumekaa ndani tukilalamika hakuna wateja.

Kwa hiyo baadhi yetu tumeanza kumwambia mteja gharama yote siku ya kwanza, kwa maandishi, ndani ya viwango vilivyowekwa, na kupokea malipo kwa awamu hadi mkulima auze tumbaku yake.

Na kwenye tumbaku ndiko kwenye kazi kubwa, tena kabla ya ugomvi. Mkulima hulima kwa mkataba kupitia AMCOS, pembejeo akikopeshwa. Bei ikiteremka, deni la mbolea haliteremki. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, lakini bado tunaletewa mikataba ya Kiingereza ambayo waliotia dole gumba hawakuelewa hata kifungu kimoja. Kuusoma mkataba kwa Kiswahili mbele ya wanachama kabla haujasainiwa ni kazi halali ya kulipwa, na inaokoa mashamba ya watu.

Wako wanaosema wasaidizi wa kisheria, yaani watu wasio mawakili waliofunzwa kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wanatunyang'anya ugali. Sisi hatuoni hivyo. Wao wako vijijini tusikofika, na shauri linalohitaji wakili mahakamani hutufikia mapema wakiwepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maadili yetu hayaturuhusu kujinadi kama wauza bidhaa, ndiyo maana tunakuja kwako na maombi mawili. Tunaomba chumba katika ofisi za kata siku za gulio, tutoe elimu ya sheria bila malipo. Pia tunaomba utuombee nusu saa katika mikutano ya AMCOS kabla ya mikataba ya msimu kusainiwa. Ikiwa litawezekana moja tu, tunaomba liwe hiyo nusu saa.

Tunaomba kuwasilisha.