Asante, mzee wa koti la kijani pale Urambo

Shikamoo mzee wangu. Sikukuuliza jina, na hadi leo najilaumu. Mimi ni yule kijana wa gari jeupe lililokuwa likifuka moshi kando ya barabara, nikitoka Tabora mjini kwenda Kaliua.

Fundi wa kwanza alishaniambia gasketi ya hedi (ile inayoziba chini ya kichwa cha injini) imeungua, nijiandae kwa hela ndefu. Wewe ulipitisha kidole nyuma ya puli ya kemshafti, ile shafti inayofungua vali za injini, ukanusa, ukasema, "Sili tu hii, mwanangu. Imekakamaa, oili inadondokea ekzosi, ndiyo moshi huo." Kumbe sili ni kale kaduara ka mpira kanakozuia oili isivuje kwenye shafti.

Kabla ya kugusa mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti iende sawa na injini, ulitia alama kwa rangi ya kucha (ya mjukuu wako, eti!). Sili kuukuu ukaichokonoa taratibu usije ukakwaruza shafti. Mpya ukaipaka oili mdomoni, ukaigongea kwa soketi yenye upana uleule mpaka ikakaa sawasawa. Mkanda ulishalowa oili, ukakataa katakata kuurudisha. Tukasubiri mwingine uje na basi. Ukazibua na kibomba cha injini kupumulia, maana kikiziba presha husukuma oili nje na sili mpya nayo inakufa. Mwisho ukaizungusha injini mara mbili kwa spana, ndipo ukaniruhusu kupiga stati.

Ukakataa hela ya ufundi, ukapokea soda moja, tena ya moto.

Mzee, gari halijadondosha hata tone. Nina dumu la asali ya Sikonge limekaa hapa linakusubiri. Nikipita tena Urambo nitaulizia koti la kijani.