Triga ya flashi kwa kamera ya renjifainda: angalia kiatu kabla ya bei

Renjifainda ya filamu, yaani kamera unayotazamia dirisha lake la pembeni badala ya lenzi, ina neno moja tu la kuiambia flashi: waka. Shata inapofunguka, swichi ndogo ndani ya kamera hugusanisha nyaya mbili, na kazi imekwisha. Haiiambii flashi iwake kwa nguvu gani, wala haiulizi kama imeshajaa. Ndiyo maana mteja mwenye Leica M6 au Canonet anayetaka triga (kifaa cha redio cha kuwasha flashi iliyo mbali na kamera) yenye TTL (kamera kuiamulia flashi nguvu) na HSS (flashi kufuata spidi za juu) tunamshauri abaki na pesa yake. Triga hiyo itafanya kazi, lakini kwa kamera yake itakuwa sawa kabisa na ya bei ya chini yenye pini moja. Leica M6 TTL ya 1998 na M7 ya 2002 zinaweza kuzungumza zaidi, ila ni na flashi chache zilizotengenezwa kwa ajili yao, si na kila triga ya dukani.

Kwa hiyo usianze na chapa. Igeuze kamera, utazame kiatu cha flashi kilicho juu yake.

Ukiona kidoto cha chuma katikati, kimezungukwa na plastiki, kiatu chako kina umeme. Hivyo ndivyo zilivyo Leica M4-2 na M6, Canonet QL17 GIII, Yashica Electro 35 GSN, Voigtländer Bessa R2A, Konica Hexar RF na Mamiya 7. Usipokiona, kiatu ni cha kushikilia tu: Leica M3 na M2, Zorki 4, Yashica Electro 35 GS. Hizi zinahitaji waya kutoka tundu la PC (tundu la waya wa flashi) la kamera hadi kwenye triga. Njia ya kwanza ni kununua triga yenye tundu lake la waya, kwa kawaida la milimita 2.5 au 3.5. Ya pili ni adapta ndogo inayokaa juu ya kiatu kisicho na umeme, yenye waya wa PC ubavuni na kiatu chenye umeme juu yake. Sisi tunapenda ya pili, kwa sababu siku ukibadilisha triga hulazimiki kutafuta waya mwingine.

Leica M3 na M2 zina matundu mawili mgongoni, moja lina alama ya balbu, jingine alama ya radi. Chomeka kwenye radi. Umbo la matundu hayo ni la Leica wenyewe, hivyo waya wa kawaida wa PC hauingii bila adapta. Kwenye kamera zenye swichi ya M na X, weka X. M ilikuwa ya balbu za kuungua, ambazo huchukua takriban milisekunde 20 kufika kwenye mwanga wake kamili, kwa hiyo kamera huziwasha kabla shata haijafunguka. Flashi ya elektroniki ukiiweka kwenye M itakuwa imewaka na kuzima wakati pazia la shata bado limefungwa, na filamu itatoka kana kwamba flashi haikuwepo. Herufi V kwenye kamera za zamani za Kijapani ni ya kujipiga picha mwenyewe kwa kuchelewesha shata. Haihusiani na flashi.

Triga inayolala

Hili ndilo tatizo linalorudisha watu dukani kuliko jingine lolote. Triga nyingi za sasa zimeundwa kwa kamera za dijitali, ambazo ukibonyeza kitufe nusu hupitisha ishara kwenye zile pini ndogo na kuiamsha triga. Renjifainda ya filamu haina ishara hiyo. Picha tatu za kwanza zinatoka, unasimama kumsubiri bibi harusi, triga inasinzia, na picha ya nne haina flashi. Huna skrini ya kukuonyesha kwamba imekosa. Utajua filamu ikishasafishwa.

Dawa ni kuingia kwenye menyu na kuzima usingizi wa triga, kisha kufanya vivyo hivyo kwenye flashi yenyewe. Triga zenye swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima ni salama zaidi. Zile ndogo zinazojiamulia zenyewe kama ni kitumaji au kipokezi, kama Yongnuo RF-603 ya kwanza, zinasumbua kwenye kiatu cha mguso mmoja. RF-603 II ina swichi ya TX (kutuma tu) na TRX (kutuma na kupokea), unachagua mwenyewe.

Pini nazo zina mambo yake. Kwenye kiatu chenye mguso mmoja, toleo la Canon au la Nikon yote yanafanya kazi, kwa kuwa pini ya kati ndiyo inayotumika. Toleo la Sony liache, kwani migusano yake imejipanga mbele kwenye ukingo na huharibika kirahisi ikisukumwa kwenye kiatu kisicho chake. Kwenye Leica M za dijitali, kiatu kina miguso ya ziada iliyopangwa kwa namna ya Leica, na pini za Canon zinaweza kugusa zisipotakiwa. Chukua triga ya pini moja, au toleo lililotengenezwa kwa Leica, kama Godox XPro-L. Ukitaka kutumia uliyonayo, bandika utepe mwembamba wa kuhami umeme juu ya pini ndogo, uache ya kati wazi.

Ukubwa pia usiudharau. Renjifainda unaitazamia kwenye kona ya kushoto na uso wako uko nyuma ya kamera, tena gurudumu la spidi liko karibu kabisa na kiatu. Triga pana yenye skrini iliyolala kwa nyuma itakugonga paji la uso na kufunika namba za spidi. Ijaribu ikiwa juu ya kamera yako, jicho likiwa kwenye dirisha, kabla hujalipa.

Spidi, na jua la mchana

Leica M za filamu, kuanzia M3 hadi M6, mwisho wake na flashi ni 1/50. Zorki 4 ni 1/30. Bessa R2A na Hexar RF ni 1/125. Leica M8 ni 1/250, M9 na M10 ni 1/180. Ukizidisha, sehemu ya picha inabaki na kivuli cha pazia: mstari wima kwenye Leica za filamu, ambazo pazia lake la kitambaa hukimbia kwa ubavu, na mstari wa mlalo kwenye zile zenye shata ya chuma inayokwenda juu na chini. Triga nayo huongeza ucheleweshaji mdogo, kwa hiyo ukiona ukingo mweusi hata kwenye spidi sahihi, shuka hatua moja.

Canonet na Mamiya 7 zina shata ndani ya lenzi, na flashi hukubali kila spidi hadi 1/500. Lakini flashi ndogo ikiwa kwenye nguvu kamili, mwanga wake hudumu muda mrefu kuliko 1/500 ya sekunde, na shata huukata mkia. Iweke kwenye nusu. Hutapoteza mwanga mwingi kama unavyodhani, na betri zitakushukuru.

Hii 1/50 inauma zaidi kwenye bustani za Entebbe saa sita mchana. Kwa filamu ya ISO 400 jua kali linataka takriban f/16 kwa 1/400. Ukishuka hadi 1/50 umefungua mwanga stopu tatu (mara nane), na ungehitaji f/45, ambayo lenzi yako haina. Weka ISO 100 na kichujio cha ND8, kioo cheusi kinachopunguza mwanga stopu tatu: jua linataka f/22 kwa 1/50, kichujio kinakurudisha f/8. Hapa renjifainda inaishinda kamera ya kioo (SLR, unayotazama kupitia lenzi), kwa sababu hutazami kupitia lenzi na dirisha halifanyi giza.

Kwenye hema la kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa)

Wapiga picha wanne, video wawili, na karibu wote wana Godox iliyo kwenye chaneli ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kila mmoja akibonyeza, flashi yako inawaka. Wewe ukibonyeza, bado inajaza. Badilisha chaneli (ziko 32), na kama flashi yako inakubali ID (namba ya utambulisho), weka namba yoyote kati ya 01 na 99 kwenye triga na kwenye flashi pia. Ile njia ya kuwasha flashi kwa kuona mwanga wa flashi nyingine usiithubutu humo ndani.

Mawimbi ya 2.4 GHz hunyonywa na miili ya watu, kwa hiyo inua flashi juu ya vichwa, mita 2 na zaidi. Flashi ikiwa chini ya mita moja kutoka kwenye triga nayo huweza kukosa. Baadhi ya triga za Godox zina mpangilio wa umbali wa 0–30 m kwa ajili hiyo. Wanaoagiza PocketWizard kutoka Marekani waangalie masafa: toleo la huko hutumia 340–354 MHz, la Ulaya 433 MHz, na hayasikilizani. Uganda iko kwenye kanda moja na Ulaya katika mgao wa masafa, na mwenye kuidhinisha vifaa vya redio hapa ni Uganda Communications Commission. Chukua la 433 au la 2.4 GHz.

Flashi za zamani, kama Vivitar 283 za mwanzo, huweza kuwa na zaidi ya volti 200 kwenye mguso wake. Triga ya redio inaikinga kamera, maana kamera inakutana na volti chache za kitumaji tu. Mzigo wote unabebwa na kipokezi. Pima kwa malitimita: flashi iwe imejaa, kipimo kwenye DC cha volti 500 au zaidi, nyekundu kwenye pini ya kati, nyeusi kwenye chuma cha pembeni. Kisha linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu cha kipokezi.

Jaribio tunalofanya mezani huchukua dakika tano, na unaweza kulifanya nyumbani. Kamera iwe bila filamu, mgongo wazi, lenzi imefunguliwa hadi mwisho. Elekeza lenzi na flashi kwenye ukuta mweupe, flashi ikiwa 1/16 ya nguvu yake. Tazama kupitia nyuma ya kamera, ufyatue kwa spidi ya flashi. Unatakiwa kuona fremu nzima ikiwaka. Rudia mara 20. Ikikosa hata mara mbili, safisha mguso wa kiatu kwa kijiti cha pamba chenye pombe ya isopropili na ujaribu tena, maana unyevu wa pembezoni mwa ziwa hufanya kutu nyembamba isiyoonekana. Ikiwaka mara mbili kwa mfyatuo mmoja, swichi ya ndani ya kamera inarukaruka. Hiyo ni kazi ya fundi, na triga mpya haitaiponya.

Ukija, njoo na kamera bila filamu, flashi utakayotumia, na betri za AA za kuchaji. Mwenye M3 au M2 atuambie mapema kama hana adapta ya tundu, kwa sababu hiyo ndiyo huchelewa kufika kuliko triga yenyewe.