Tuache kukausha vidonda wodini

Ndugu Mhariri,

Wodi nyingi bado zinaamini kuwa kidonda kikikauka ndiyo kinapona. Si kweli, na elimu hii si ngeni: mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba ngozi hujifunika upesi zaidi panapokuwa na unyevu.

Gozi (kitambaa chepesi cha kufunika kidonda) ikiwa kavu hunasa kwenye nyama mpya nyekundu. Ikibanduliwa huondoka nayo, damu inatoka, na kazi inaanza upya. Iloweshwe kwanza kwa maji ya dripu (chumvi asilimia 0.9) dakika chache, ndipo ivutwe taratibu. Kidole cha mguu kilichokufa na kukauka kwa kukosa damu ni habari nyingine. Hicho kiachwe kikavu, daktari aitwe.

Kuosha nako kuna namna yake. Bomba la sindano la mililita 20 lenye kanula ya kijani (mrija mwembamba wa plastiki wa kuwekea dripu), sindano yake ikiwa imetolewa, hutoa msukumo wa kuondoa uchafu. Kumwagia tu hakutoshi, na pamba huacha nyuzi ndani. Haidrojeni peroksaidi, dawa ya maji ya kusafishia vidonda, hutoa povu linalopendeza macho, lakini huua hata seli zinazojenga nyama. Spiriti ni ya ngozi isiyo na jeraha.

Kisha vipimo: urefu, upana na kina kwa sentimita, viandikwe kwenye faili angalau kila wiki. "Kidonda kinaendelea vizuri" si taarifa ya kumkabidhi mwenzako wa zamu ya usiku.

Wauguzi wa vidonda,
Tanga